Mama Mkunga, ni nani aliyeupinda mguu wa mtoto wetu?

SWALI: Jambo sana, Mama Mkunga. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, ana wiki tatu. Mguu wake wa kushoto umegeukia ndani, unyayo unautazama mguu mwenzake. Mama yangu anasema mke wangu ndiye aliyeuharibu: alipandisha bidoni za maji mpaka kwetu juu mimba ikiwa ya miezi saba, tena aliruka kamba ya mbuzi. Mke wangu hajibu kitu, analia usiku tu. Nieleze mifupa na misuli ya mtoto hutengenezwa lini, na kama mzigo unaweza kuipinda. Na tukijaliwa mwingine, ale nini?
Baba wa mtoto, Kadutu, Bukavu

JIBU: Mwanangu, mke wako hakuupinda mguu huo. Si kwa bidoni, si kwa kamba. Mwambie leo hii, kabla hujamaliza kusoma.

Sasa nikueleze. Nitahesabu tangu mimba ilipoingia, si tangu hedhi ya mwisho kama tunavyoandika kwenye fishi ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito. Wiki ya tatu, mtoto ni kama jani dogo lenye matabaka matatu. Tabaka la kati ndilo mama wa mifupa na misuli. Kuanzia siku ya 20 hivi, sehemu ya tabaka hilo hujikata vipande viwili viwili, huku na huku ya mahali mgongo utakapokuwa, kama mistari miwili ya punje za mahindi kwenye gunzi. Vipande hivyo huitwa somaiti. Wiki ya tano ikiisha, jozi zake zimepita 40. Kila kipande hugawana kazi: upande mmoja hutoa pingili za uti wa mgongo na mbavu, mwingine hutoa misuli, mwingine ngozi ya mgongoni.

Mikono huchipuka kwenye siku ya 26, miguu siku mbili hivi baadaye. Ni vivimbe tu, kama macho ya kiazi. Na hapa pana jambo ambalo kila nikilifundisha kwa wakunga vijana hunigusa upya. Mifupa ya mguu huzaliwa hapo hapo, ndani ya kile kivimbe. Misuli yake haizaliwi hapo. Chembe zake hutoka kwenye zile punje za mgongoni, zikasafiri mpaka ndani ya kivimbe, zikakuta mifupa inaanza kujipanga, zikaungana zenyewe kwa zenyewe na kuwa nyuzi ndefu. Kisha kano hufunga msuli kwenye mfupa. Mwenyeji na mgeni wakawa mguu mmoja.

Mifupa hiyo haianzi ikiwa migumu. Wiki ya sita ni gegedu, kitu laini kama ncha ya sikio lako, lishike uone. Mfupa wa kwanza kuanza kuwa mgumu ni mtulinga, huo wa hapa chini ya shingo, na wenyewe haupitii gegedu. Mifupa bapa ya kichwa hufanya vilevile, hutoka moja kwa moja kwenye utando, ndiyo maana utosi wa mtoto wako bado unadunda. Mfupa wa paja na mingine mirefu huanza kukomaa katikati kwenye wiki ya nane, ugumu ukitambaa kuelekea ncha zake.

Wiki hiyo ya nane vidole vya miguu vimeshaachana, na mtoto ana urefu wa sentimita tatu tu. Ameshaanza kujitikisa pia, ingawa mama yake hatamsikia mpaka mwezi wa nne au wa tano. Kujitikisa huko si mchezo. Viungo visipochezeshwa tumboni hukakamaa.

Basi piga hesabu. Mke wako alipopandisha zile bidoni mwezi wa saba, mguu ulikuwa umeumbwa zamani, na mtoto anaelea ndani ya maji yake. Bidoni ya lita 20 humchosha mama, humuumiza mgongo, na wewe ulipaswa kumpokea. Hilo nakulaumu wazi. Lakini haifiki kwenye unyayo wa mtoto. Huu ni mguu kifundo, madaktari wetu huuita kwa Kifaransa pied bot. Hutokea karibu kwa mtoto mmoja kati ya 1,000, kwa wavulana mara mbili kuliko wasichana, na mara nyingine hufuata ukoo. Tena wewe, mimi na mama yako, sote tulipita wiki ambazo nyayo zetu zilitazamana namna hiyo tumboni, kabla hazijageuka.

Nina sababu ya kulisema hili kwa nguvu. Nilipokuwa kijana, mwaka wangu wa pili katika maternite, nilipokea mtoto mwenye mguu kama wa mwanao, nami nikamwuliza mama yake, mbele ya wifi zake, "Ulibeba nini wewe?" Alijifunika uso kwa kikwembe. Hakurudi hata kwa chanjo. Nimezalisha wengi tangu siku ile, na bado ninamwona.

Sasa sikia habari njema, nayo inatoka kwenye gegedu ileile. Nyuma ya mguu, kuanzia kisigino, kuna mifupa saba midogo. Mtoto anapozaliwa, ni miwili au mitatu tu yenye kiini kigumu. Mmoja wao hungoja mpaka karibu miaka mitatu. Maana yake mguu wa mwanao bado unakubali kuelekezwa. Daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alionyesha namna: mguu unanyooshwa polepole kwa mikono, unafungwa plasta, na kila wiki inabadilishwa, mara tano mpaka nane hivi. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo ili kisigino kishuke, halafu plasta ya mwisho hukaa wiki tatu. Baadaye ni viatu vilivyoungwa kwa chuma: saa 23 kwa siku miezi mitatu, kisha usiku na anapolala mchana tu, mpaka miaka minne au mitano. Wazazi wengi huchoka na viatu, na hapo mguu hurudi ulikotoka. Msichoke. Wiki hii mpelekeni, mkaulizie tiba ya pied bot kwa jina. Msikubali mtu aukande kwa nguvu nyumbani.

Kuhusu chakula: foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, aanze kabla ya mimba, maana mfereji wa mgongo hufunga kufikia siku ya 28, wakati wengi hawajajijua. Ale lengalenga (mchicha), maharagwe, na wale samaki wadogo wa sambaza pamoja na miiba yao, kwa kuwa mtoto hukusanya kama gramu 30 za kalisi, madini ya mifupa, nyingi miezi mitatu ya mwisho. Hayo hayazuii mguu kifundo; ni kwa nguvu za mama na mtoto.

Jioni ya leo msomee mama yako jibu hili kwa sauti, mke wako akiwa amekaa hapo hapo, mtoto mapajani.