Wadogo zangu mnaotaka urubani wa jeshi, msidoji mujibu

Mujibu ni yale mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria ukimaliza fomu siksi. Juzi jioni hapa Banana, Dar, dogo mmoja kamaliza fomu siksi, PCM (fizikia, kemia na hesabu), kichwa kizuri kweli, ananiambia "bro jina langu JKT limetoka ila siendi, nasoma urubani huku uraiani halafu jeshi litanichukua". Niliumia jamani. Kila mwaka nayasikia hayahaya, sasa naandika mara moja niwe nawatumia.

1. Rubani wa jeshi ni ofisa kwanza. Unaanza kuruta kama wenzako, ukichaguliwa unaenda chuo cha jeshi Monduli kupigishwa kadeti, yaani mafunzo ya uofisa, mpaka nyota ikae begani, halafu ndo habari za ndege. Mzazi anauza kiwanja Chanika mtoto aende Sauzi kuchukua leseni akijua ndo njia ya mkato ya kufika Ngerengere, kwenye kambi ya ndege za jeshi, kumbe ile ni leseni ya kiraia, inakupeleka kwenye ndege za abiria. Ni njia nzuri tu, ila ni nyingine, chagua kabla kiwanja hakijauzwa.

2. JKT. Hapa nisikilizeni. Mujibu ilisimama 1994 ikarudi 2013, mimi nimemaliza 2015 nikapangiwa Bulombora, Kigoma. Mama akaninunulia vitu vyote soko la Karume, bukta ya bluu ya mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili. Begi likakaa mlangoni siku mbili. Mjomba akaja akasema Kigoma mbali, miezi mitatu ya kulima na kukimbia ya nini, kaa hapa usome kompyuta, na mimi kwa kuwa niliogopa nikajifanya namtii mkubwa. Nikabaki. Baadaye nafasi za jeshi zikatangazwa, nimekaa kwenye kibanda cha stesheneri Gongo la Mboto nasoma sifa moja moja, raia ndiyo, hujaoa ndiyo, ufaulu ndiyo, nafika pale pa cheti cha JKT, yule dada wa stesheneri ananiuliza "nichape barua kaka?" nikakosa la kumjibu. Nikasema nitajitolea JKT mwakani, mwakani ikawa mwaka mwingine, na umri una kikomo wadogo zangu, haukusubiri. Leo mimi ni fundi ndege, kazi naipenda na inalisha watoto, lakini ndege ya jeshi ikipita juu ya Ukonga mpaka leo naacha spana naangalia mpaka ipotee. Mjomba simlaumu. Miguu ilikuwa yangu.

3. Macho kapime sasa hivi, hasa rangi, kile kipimo cha kusoma namba katikati ya vidoti.

4. Anayekwambia "nina mtu makao makuu, leta milioni" ni tapeli, hata kama amevaa kombati, hata kama ni baba mdogo. Nafasi za jeshi haziuzwi.

5. Fizikia na hesabu usiziache, na Kiingereza kizoeshe mdomo maana redio ya ndege haina muda wa kukusubiri utafute neno.

Yule dogo nilikaa naye mpaka saa nne usiku. Wamempangia Ruvu, hapo tu Mlandizi, halafu anataka kudoji! Nimempa ile bukta yangu ya bluu, haijawahi kuvaliwa, mpira bado mzima. Jumatatu asubuhi namsindikiza mwenyewe mpaka Mbezi kupanda gari.