Paja bado jembamba miezi saba baada ya upasuaji wa ACL: je, goti litasagika?

Mleta uzi anauliza hivi: ACL yake (kano iliyo ndani ya goti, inayozuia mfupa wa chini usiteleze mbele) ilitengenezwa miezi saba iliyopita, goti haliumi, daktari amesema kipandikizi, yaani kano mpya iliyowekwa, kimeshika vizuri, ila paja la mguu huo bado ni jembamba. Je, goti litakuja kusagika, na afanye nini sasa?

Hatari ipo, na upasuaji peke yake hauiondoi. Kati ya watu waliochanika ACL au meniskasi (mto wa gegedu kati ya mifupa ya goti), takriban nusu huwa na goti lililosagika miaka 10 hadi 20 baadaye. Aliyeumia akiwa na miaka 20 anaweza kuwa na goti la kizee kabla ya kufika 40. Sehemu ya madhara huingia siku ileile ya ajali: gegedu linagongwa, mfupa ulio chini yake unavia damu, na kama meniskasi ilikatwa kipande, mto unaogawa uzito umepungua. Hayo yamekwisha kutokea. Unayoweza kuyabadilisha ni uzito wa mwili, kutoumia tena, na nguvu za msuli wa mbele wa paja, yaani kwadriseps.

Msuli huo ndio breki ya goti. Unaposhuka ngazi au kutua baada ya kuruka, goti hukunja kiasi na msuli unameza mshtuko. Ukiwa dhaifu, mtu hutembea goti limekakamaa bila kujijua, na mzigo unaangukia sehemu za gegedu ambazo hazikuuzoea. Kwa watu wazima kwa jumla, udhaifu wa kwadriseps umehusishwa waziwazi na kusagika kwa goti. Kwa waliopasuliwa ACL matokeo ya tafiti yanatofautiana, kwa hiyo asikuahidi mtu kwamba mazoezi ni kinga kamili. Hata hivyo mwenye kwadriseps imara hutumia goti lake vizuri zaidi, na hiyo tayari ni sababu ya kutosha.

Kabla ya kuongeza vyuma, chunguza kama msuli umezimwa. Goti likiwa na maji, hata mililita 20 au 30 tu, neva za kiungo huubana msuli usikaze wote, na hapo utajichosha bure. Kaa mguu umenyooka, paja limelegea. Kwa kiganja, sukuma maji kutoka upande wa ndani wa goti kwenda juu mara mbili tatu, kisha pitisha mkono upande wa nje kuelekea chini. Ukiona kiwimbi kikirudi upande wa ndani, maji yapo: punguza mzigo na kukimbia mpaka yatulie. Kisha lala kifudifudi, magoti yakiwa ukingoni mwa kitanda, ulinganishe visigino. Kila sentimita 1 ya tofauti ni kama digrii 1 ya kutonyooka. Goti lisilonyooka kikamilifu miezi saba baada ya upasuaji, hasa likigota mbele kama limezuiwa na kitu, lirudishwe kwa daktari wa upasuaji, maana huenda kovu limeota mbele ya kipandikizi.

Sasa kipimo chenyewe. Wengi huambiwa wako sawa kwa sababu wameruka kwa mguu mmoja umbali unaofikia asilimia 90 ya mguu mzima, yaani ule usioumia. Hilo halitoshi hata kidogo. Nyonga na kifundo cha mguu huruka badala ya goti, na mguu mzima nao umedhoofika kwa kukaa miezi bila kazi, kwa hiyo unajilinganisha na kitu kilichopungua. Pima kwadriseps peke yake. Kama hakuna mashine ya maabara, mizani ya kuning'inia yenye kushika namba ya juu inatosha: kaa kwenye meza imara, goti digrii 90, mkanda juu kidogo ya kifundo, mizani imefungwa nyuma kwenye mguu wa meza. Sukuma kwa nguvu zote sekunde 5, mara tatu, chukua namba kubwa. Zidisha kilo kwa 9.81, kisha kwa umbali wa mita kutoka goti hadi mkanda, ugawe kwa uzito wako. Kijana mwenye afya alenge karibu 3. Mwenye kilo 70, mkanda ukiwa sentimita 35 chini ya goti, anahitaji kuvuta takriban kilo 61. Kosa la kawaida ni meza kusogea au mtu kuinua makalio. Namba ya hapo itupe.

Tiba yake ni mashine ya kukaa na kunyoosha goti, mguu mmoja mmoja. Watu huiogopa kwa ajili ya kipandikizi, na katika wiki za mwanzo tahadhari hiyo ina maana. Kwa mwezi wa saba, kama daktari hakukupa zuio maalumu, kuikwepa ndiko kunakoacha paja jembamba, kwa sababu kwenye skwoti ya miguu miwili mguu mzima hubeba sehemu kubwa na huoni. Fanya seti 4 za marudio 6 hadi 8, pumzika dakika 2 au 3, mara mbili au tatu kwa wiki, siku zisifuatane. Mzigo uwe ule ambao baada ya rudio la mwisho ungebakiwa na mawili tu. Ongeza skwoti ya mguu mmoja kwenye boksi, misuli ya nyuma ya paja, na kuinua visigino. Maumivu yasizidi 3 kati ya 10, na kesho yake goti lisiwe limevimba. Likivimba, rudi nyuma hatua moja.

Wale ambao kipandikizi chao kilichukuliwa kwenye kano ya pia ya goti au ya kwadriseps yenyewe huchelewa zaidi, na goti huwauma mbele. Kwao, kukaza bila kusogea goti likiwa digrii 60, sekunde 45 mara 5, huweza kutuliza maumivu kabla ya kuanza vyuma.

Pima tena kila baada ya wiki 6. Mpira wa kugongana usiuguse kabla ya miezi 9 hata namba zikiwa nzuri, kwa sababu kila mwezi unaosubiri hadi hapo hupunguza sana uwezekano wa kuumia goti tena, na ajali ya pili huliongezea gegedu madhara mapya.