Mama alizaliwa ng'ambo ya mpaka, yaya anataka tufiche

*Tantine, nakusalimu. Mama yetu alituacha, na mwezi ujao tunamaliza kilio hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Alizaliwa Mufulira, Zambia. Baba yetu, Mkongo, mfanyakazi wa kampuni ya madini, ndiye aliyemleta Lubumbashi mwaka 1969. Yaya wangu, yule mkubwa wangu wa kuzaliwa, ameandika maisha ya mama kwa Kifaransa yasomwe siku hiyo, na ameandika kwamba alizaliwa Sakania, upande huu wa Kongo. Nilipomuuliza akasema nisiwaletee watoto matatizo. Mdogo wake mama bado yuko Mufulira na atakuja. Binti yangu ana miaka 14, anauliza kwa nini nkambo yake, yaani bibi yake, alisali Kibemba. Nifanye nini? – Mtoto wa mwisho, Katuba*

Mtoto wa mwisho, pole sana, wewe na wote mliobaki.

Nianze na yaya wako, maana naona umemkasirikia kuliko barua inavyokiri. Hofu yake ina sababu. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi walikuwa wamezaliwa huku huku Katanga, wakalala stesheni wakingoja treni ya kuwapeleka mahali ambapo hawajawahi kuishi. Aliyekuwa kijana siku zile alijifunza kwamba swali la "wenu ni wapi?" linaweza kumtoa mtu nyumbani kwake. Kwa hiyo usimwite mwongo mbele ya wajomba. Mfuate peke yako, kabla ya kikao cha familia. Mwambie kwamba sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inamtambua kuwa Mkongo tangu kuzaliwa kila mtoto ambaye mzazi wake mmoja, baba au mama, ni Mkongo. Baba yenu anawatosha. Mufulira haimnyang'anyi mjukuu hata mmoja karatasi yake.

Halafu umuulize: mama mdogo ataketi wapi siku hiyo? Maana atakuwa pale mbele, amevuka mpaka pale Kasumbalesa na mizigo yake, anasikia mtu akitangaza kwamba dada aliyelala naye mkeka mmoja alizaliwa Sakania. Hapo hakuna sheria inayohitajika. Yaya akikataa kabisa kuandika Mufulira, basi afute mstari wa mahali pa kuzaliwa. Kunyamaza naweza kuvumilia.

Na aibu ya nini, katika mji huu? Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini, Rhodesia, yaani Zambia na Zimbabwe za leo, na wafanyakazi wengi wa mwanzo wa migodi walitoka upande huohuo wa mama yako. Baadaye kampuni ikachukua watu Kasai, ikachukua watu Ruanda-Urundi. Mpaka wenyewe walikubaliana Waingereza na watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1894, bila kuwauliza Walamba, wenyeji wa hapa, ambao wakajikuta wamegawanywa huku na kule. Pale kwenye turubai lenu, ukimuuliza kila mzee nkambo yake alitoka wapi, mtakesha.

Ila kusema Mufulira peke yake hakutoshi. Najua karatasi za namna hiyo: "mama mpole, mcha Mungu, aliyependa watu wote." Nimezisikia kwenye vilio vingi, na ukibadilisha jina unaweza kuisoma kwa marehemu wa jirani. (Bora hata zile fulana za polo zenye picha ya marehemu, ingawa mara nyingine jina limeandikwa vibaya.) Nyie andikeni alivyoishi. Alifika akiwa na umri gani? Nani alimpokea kwenye kambi ya wafanyakazi, na nani alimcheka alipoongea? Alianza lini kuuza kikanda, kile chakula cha mizizi, na munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, na ni nani aliyesomeshwa kwa beseni lile? Kama baba yenu alikuwa miongoni mwa wale zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwenye "departi volontere" (kuacha kazi kwa hiari) ya 2003, semeni nani aliyeleta unga nyumbani baada ya hapo. Ninashuku alikuwa yeye. Kilio kingi hapa husifu mume kwa kazi ya kampuni na kumshukuru mke kwa uvumilivu, na mimi jambo hilo linanichosha.

Majibu mengi anayo mama mdogo. Usingoje siku ya kumaliza kilio, watu watakuwa wengi na sufuria zitamshinda. Akifika, keti naye jioni, washa simu irekodi, mwite na binti yako. Usimwambie "tueleze maisha ya mama", atakupa mahubiri. Muulize vitu vidogo: nani alibeba sanduku lake siku ya kuondoka, nkambo mzee alisema nini kuhusu kumwoza Mkongo, mama alirudi mara ya kwanza baada ya muda gani na alilia wapi. Mwache ajibu kwa Kibemba. Kwenu Katuba hamtakosa wa kuwasaidia kukielewa.

Binti yako, yeye mwambie leo. Ana miaka 14 na ameshajua kuna kitu; akiachwa hivyo atadhani nkambo yake alifanya kosa.

Neno la mwisho kwa yaya, na hili ulitoe kama ombi la mdogo kwa mkubwa: karatasi isomwe kwa Kiswahili. Mama mdogo ametoka Zambia, Kifaransa hatasikia hata sentensi, na nusu ya majirani watapiga makofi tu wakingoja bukari, ugali wetu.