Kwa nini Chris Grant alikosa Brownlow ya 1997
Umeuliza kama Chris Grant aliibiwa kura za Brownlow, tuzo ya kila msimu ya wachezaji wa AFL, ligi ya mpira wa Kiaustralia. Hapana kaka, hakuibiwa kura. Grant wa Western Bulldogs aliongoza kweli, 27 kwa 26 za Robert Harvey wa St Kilda, ila Brownlow ni ya mchezaji bora na mwenye nidhamu, ukifungiwa hata mechi moja tu msimu huo ushatoka, na yeye alifungiwa moja. Kura wanapiga marefa wenyewe mechi ikiisha, 3, 2, 1, zinakaa siri mpaka usiku wa tuzo ndo zinasomwa raundi kwa raundi, kwahiyo jina lake likawa linaitwa tu na watu wanajua hapati. Mwaka 1996 Corey McKernan nae yalimkuta hayohayo, kalingana kura na wachezaji James Hird na Michael Voss akaachwa. Sheria naikubali, ila ya Grant inauma sana aisee.