Maswali ya wasomaji: Triga ya sumaku inasumbua, nifanyeje?

Swali: Shikamoo fundi. Nina maka ya peintiboli ya umeme, yaani bunduki ya mchezo wa kupigana risasi za rangi, triga yake inarudishwa na sumaku sio springi. Mwanzoni ilikuwa poa kabisa, sahizi nikivuta mara moja inatoa risasi mbili au tatu, halafu sa ingine triga inabaki nyuma inagoma kurudi mpaka niisukume na kidole. Skrubu ya sumaku nimeizungusha weee mpaka nimechoka. Wenzangu wanasema sumaku imekufa ninunue nyingine, ni kweli?

Jibu: Marahaba. Sumaku kufa? Ni mara chache sana aisee. Hizi ndogo za neodimiamu hazichoki kama springi, kinachoziua ni joto, zile za kawaida zikifika kama nyuzi 80 za Selsiasi zinaanza kupoteza nguvu, au zinapasuka maana zinavunjika kirahisi ukizigonga. Kama hujaichoma na hujaigonga basi sumaku yako ni nzima, waambie wenzako wasikuingize gharama.

Nachoona mimi ni kwamba skrubu zako zimevurugika, na wewe umekomaa na moja tu wakati zinategemeana. Ila kabla hujagusa kitu, toa risasi zote, zungusha mtungi wa hewa mpaka utoke uuweke pembeni, vaa miwani, vesha mtutu soksi yake (kile kitambaa cha kuzuia risasi isitoke), elekeza sehemu isiyo na mtu ufyatue mpaka hewa iliyobaki ndani iishe. Usiruke hii hata kama umezoea.

Haya sasa. Maka nyingi za aina hiyo zina skrubu tatu ndogo kwenye triga au kwenye fremu, yaani ile sehemu ya mshikio inayobeba triga. Moja inazuia triga isiende mbele sana, moja inaizuia isirudi nyuma sana, na ya tatu ndo inasogeza sumaku karibu au mbali. Kuna maka zina ya nne inayogusa swichi yenyewe. Angalia kijitabu cha maka yako ujue ipi ni ipi, maana zinafanana halafu kila kampuni ina pa kuziweka.

Shida inaanzia hapa, na watu wengi hawaijui. Swichi haiwaki na kuzima sehemu moja. Ukivuta triga inafika mahali inabonyea, tik, lakini ili iachie lazima triga irudi mbele kupita pale ilipobonyea, na ikishindwa kufika huko bodi ya umeme ya maka inaona bado umeshika tu. Sasa sisi wachezaji tunapenda triga fupi ili tufyatue haraka, basi mtu anakaza skrubu ya mbele, anakaza na ya nyuma, mwendo unabaki kiduchu, swichi inakuwa inaning'inia katikati, haijaachia vizuri wala haijabonyea vizuri. Hapo maka ikitikisika kidogo tu, na kila risasi ikitoka inatikisika, swichi inaguswa tena na inatoka risasi ambayo hukuiomba. Ndo hizo mbili tatu zako. Kwenye mashindano ya risasi moja kwa kuvuta mara moja, refa akikukuta na hiyo huna pa kujitetea.

Na hapo hapo kuna mtego mwingine. Kwenye maka nyingi sumaku ya fremu inaivuta ya triga kwenda mbele, na nguvu ya sumaku inashuka haraka sana zikiachana hata kidogo. Kwa hiyo ulivyokaza skrubu ya mbele ili kufupisha mwendo, uliiweka triga mbali na sumaku bila kujua, ikalegea, ikaanza kubaki nyuma. Ukadhani sumaku imekufa kumbe umeihamisha mwenyewe.

Fanya hivi. Legeza skrubu zote mpaka triga iwe na mwendo mrefu wa kuchosha, usiogope. Washa maka bila hewa, zima macho ya kuangalia risasi (sensa za ndani) maana yakiwaka na hakuna risasi ndani maka nyingine hazifyatui, kisha vuta triga polepole sana usikilize solenoidi, ile vali ya umeme inayofyatua. Ikilia tik, hapo ndo pa kubonyea. Kaza skrubu ya nyuma mpaka triga isimame kidogo tu baada ya hapo, nasema kidogo, sio palepale. Halafu njoo mbele, kaza robo mzunguko, vuta, achia, vuta tena, uone kama inalia kila mara. Itafika mahali ukiachia hailii tena kwenye mvuto unaofuata, umepita, rudisha nusu mzunguko na uiache hapo. Sumaku unaimalizia mwisho kabisa, isogeze mpaka triga irudi yenyewe chap hata ukiilaza maka kwa mgongo au ukiisimamisha mtutu juu. Ukianza na sumaku unajisumbua bure, kwa sababu ukigusa skrubu ya mbele tu unaanza upya.

Kama bado inatoa mbili baada ya hapo, ndo uingie kwenye bodi upandishe dibaunsi. Hiyo ni mipangilio inayoiambia bodi ipuuze mitikisiko ya swichi kwa milisekunde chache baada ya kila mvuto. Ipandishe ngazi mojamoja, ukiizidisha maka inaanza kumeza mivuto yako ya haraka. Kuna watu wanakimbilia dibaunsi kwanza, mi siwaelewi, wanafunika ugonjwa.

Skrubu zikikaa, weka tone la gundi ya kuzuia skrubu zisilegee, ile ya buluu, sio nyekundu, nyekundu ukitaka kufungua kesho utalia.

Swali: Mambo fundi. Mimi sumaku ilichomoka kwenye triga nikaibandika na supagluu, sasa triga inajirudisha nyuma yenyewe, yaani inakaa kama nimeivuta muda wote.

Jibu: Poa. Umeigeuza kaka. Zilikuwa zinavutana sasa zinasukumana. Itoe taratibu na kijiti cha mbao au plastiki, usipige na bisibisi na usipashe moto kulainisha gundi, nimesema juu hapo joto linaifanya nini. Ukishaitoa, iache ijishike yenyewe kwenye sumaku ya fremu, upande utakaobaki unakutazama uchore alama kwa kalamu ya wino, huo ndo unaingia ndani ya triga. Shimo lifute na spiriti likauke kwanza, gundi iwe kidogo mno, ikichuruzika kwenye pini ya triga utakuwa umeongeza tatizo la pili. Na kama kuna watoto nyumbani usiache sumaku hizo mezani, mtoto akimeza mbili zinashikana tumboni zikiwa pande mbili za utumbo na ni hatari kweli, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali.

Swali: Yangu triga inarudi fresh ila inakwaruza, halafu siku nyingine maka inazima katikati ya mechi. Nimeisafisha na kitambaa mara kibao.

Jibu: Kitambaa hakitoi kitu hapo. Sumaku inakusanya vumbi la chuma, lile laini linalotoka kwenye skrubu na sehemu zinazosuguana, na ukifuta unalihamisha tu kutoka upande huu kwenda ule. Chukua selotepu, bandika kwenye sumaku, bandua, rudia mpaka itoke safi. Grisi usiweke karibu na sumaku, inashika mchanga na rangi iliyopasuka, tone moja la mafuta mepesi kwenye pini linatosha. Kama yako inatumia sensa ya mwanga badala ya swichi, pulizia na hiyo sensa, rangi ikikauka pale inasoma vibaya.

Kuzima katikati hiyo sio triga, angalia betri. Solenoidi inakula umeme mwingi kwa mpigo, betri ya voti 9 iliyochoka ukiipima imekaa tu inaonekana nzima, ukianza kufyatua haraka voti zinaanguka na bodi inajizima. Weka alkalaini mpya, zile za bei chee hazifai kwa kazi hii, na ukiwa umefungua kagua nyaya za betri, zinabanwa sana na kifuniko cha mshikio.