Sukari Ije Mwisho

Mwaka wa kwanza wa kuloweka slo, beri za mwitu za huku Uingereza, niliharibu lita mbili nzima za pombe ya jini (gin). Nilifuata kipimo cha sukari kilichoandikwa na mtu ambaye hakuwahi kuziona beri zangu, nikamimina sukari yote siku ya kwanza, nikangoja miezi mitatu. Nilipofungua, nilikuta kitu kizito na kitamu mno, kama dawa ya kikohozi ya watoto, na ladha ya tunda imezama kabisa. Sukari ukishaitia huwezi kuitoa. Tangu siku ile mimi naitia mwisho, na ninachokuandikia hapa kinazunguka hapo.

Naishi Shropshire, magharibi mwa Uingereza. Mashamba ya huku yametengwa kwa nyua za miti hai, kama michongoma kwetu. Nyingi zilipandwa karne ya 18 na ya 19, Bunge lilipopitisha sheria za kugawa ardhi iliyokuwa ya malisho ya pamoja. Kwenye nyua hizo kuna mti ambao jina lake la Kiingereza maana yake ni mwiba mweusi, na tunda lake huitwa slo. Ni dogo kama zabibu, jeusi la kibuluu, na juu lina vumbi la rangi ya ukungu. Ukilipangusa kwa kidole gumba, ganda linang'aa. Ukiling'ata bichi mdomo wote unakauka. Kama umewahi kula zambarau changa unaujua ukakasi huo, ila slo hubaki nao hata ikiiva.

Ukakasi huo ndio mali yenyewe. Mimi ni mtoto wa Moshi, na mbege, pombe yetu ya ndizi, haitiwi msesewe bure: uchungu wa gome lile ndio unaoushika utamu wa ndizi. Kwa slo ni vivyo hivyo. Ukiufukia ukakasi kwa sukari, umebaki na sharubati yenye kilevi.

Wazee wa huku husema usichume kabla ya sakitu ya kwanza, ile baridi inayogandisha umande majanini, kwa kuwa hulainisha tunda na kulipasua ganda. Mimi siingoji, maana ndege nao wanazitaka. Kufikia katikati ya Oktoba naenda kuzibonyeza. Ikibonyea kidogo chini ya kidole, imeiva. Nikifika nyumbani nazichambua, naziosha, naziweka kwenye friza usiku mmoja au miwili. Maji ya ndani yanaganda na kutanuka, ganda linapasuka lenyewe. Jirani yangu, mama wa miaka zaidi ya 80, bado anazitoboa moja moja kwa mwiba wa mti uleule. Nimeshakaa naye mezani jikoni mchana kutwa tukitoboa, vidole vimekuwa zambarau hadi kwenye kucha, naye akinisimulia habari za mumewe na ng'ombe wao. Mchana ule sitausahau. Lakini kwenye ladha sikuona tofauti na zile za friza.

Vaa glavu za ngozi. Mwiba wake ni mrefu, mgumu, na kipande kikibakia ndani ya nyama huleta uvimbe mbaya. Mimi kilinikatikia kwenye kifundo cha kidole, nikakipuuza siku nne, kidole kikavimba nisiweze kukikunja, nikaishia kwa daktari. Hilo ni la maumivu tu. Kosea tunda, na hilo ni la uhai. Kuna mmea wa belladona, wenye beri nyeusi zinazometa, na una sumu inayoua. Slo ina kokwa moja ngumu katikati na inaota kwenye tawi la mti lenye miiba. Belladona haina miiba, ndani imejaa mbegu ndogondogo, na beri yake inakaa juu ya vijani vitano vilivyochanua kama nyota. Usipokuwa na uhakika, acha. Mara ya kwanza nenda na mtu anayeyajua matunda hayo.

Kuhusu sheria: kwa England na Wales, Sheria ya Wizi ya 1968 haimhesabu mwizi anayechuma tunda la mmea ulioota wenyewe, mradi hachumi kwa biashara. Hiyo haikupi ruhusa ya kukanyaga shamba la mtu, kwa hiyo mimi humwomba mwenye shamba, na hajawahi kuninyima. Kupika pombe kali nyumbani, kama gongo inavyopikwa, ni kosa huku bila leseni. Sisi tunaloweka tu tunda ndani ya pombe iliyokwisha kulipiwa ushuru, tena kwa kunywa wenyewe. Kuuza ni habari nyingine.

Sasa kuloweka. Gramu 500 za slo kwa chupa moja ya jini ya mililita 700. Chagua yenye kilevi asilimia 40, kwa kuwa maji ya tunda na ya sukari yataipunguza makali. Tia vyote kwenye chupa ya kioo ya mdomo mpana, funga, weka kabatini penye giza ili mwanga usififishe rangi. Wiki ya kwanza itikise kila siku, baadaye mara moja kwa wiki. Siku ya pili utaona wekundu mwepesi ukishuka kama moshi. Baada ya mwezi imekoza.

Mwezi wa Januari nachuja kwa kitambaa safi, taratibu, bila kukamua, maana ukikamua inakuwa na mawingu. Halafu nachemsha gramu 200 za sukari na mililita 200 za maji mpaka iyeyuke, naacha ipoe kabisa. Natia vijiko vitatu vikubwa, nakoroga, nafunika, naenda kulala. Kesho naonja. Usionje na kuongeza papo hapo, ulimi huchoka upesi na kukudanganya. Naacha kuongeza wakati ukakasi bado unasikika kwenye kingo za ulimi. Mwaka 2022, joto la Uingereza lilipovuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza, beri zilikuwa ndogo na tamu, nikatumia nusu ya sukari niliyotumia mwaka uliotangulia. Kipimo cha kitabuni kingejuaje hilo?

Kisha iache itulie miezi miwili mitatu. Utamu na ukali hushikana, na harufu ya lozi inayotoka kwenye kokwa inajitokeza.

Beri nyeusi za miiba (blackberry), zile laini zinazoiva Agosti, ni rahisi zaidi: mwezi mmoja ndani ya vodka unatosha. Zile ndogo za mti wa elda (elder) usiziloweke mbichi, huchafua tumbo. Lazima zipikwe kwanza.

Slo zilizochujwa zimejaa kilevi, kwa hiyo zisiachwe mahali watoto wanapofika. Mimi natoa kokwa, nazichovya kwenye chokoleti iliyoyeyushwa, nampelekea jirani yangu. Kwenye chupa nabandika karatasi: tarehe ya kuchuma, vijiko vya sukari, na kichaka chenyewe, "kona ya juu, kushoto kwa lango", maana Oktoba ijayo nitataka kurudi palepale.