Ukitumwa kupima upana wa Nzoia

Ukipelekwa Budalang'i, magharibi mwa Kenya, kupima upana wa Mto Nzoia, usianze kutafuta mtu wa kuogelea na ncha ya utepe. Kule chini, karibu na Ziwa Viktoria, kuna mamba na viboko. Hata wasingekuwapo, utepe ulionyooshwa juu ya maji unalegea katikati na kusukumwa na upepo, na kipimo chake hakiaminiki. Hapo ndipo ile tanjenti ya sekondari, ambayo wengi wetu tuliikariri tupite mtihani, inapoanza kutafuta mshahara.

Chagua kitu ng'ambo, karibu na maji. Upande wako, mkabala nacho, piga kigingi A. Kutoka A pima kufuata ukingo hadi kigingi B, mstari huo ukifanya pembe mraba na ule unaovuka mto. Simama B usome pembe kati ya A na kile kitu. Umbali wa kuvuka ni AB mara tanjenti ya pembe hiyo. Hesabu ni mstari mmoja tu. Taabu iko matopeni.

Mwaka wangu wa kwanza nililenga kitu cheupe kichakani. Nikaweka pembe mraba pale A, nikabeba theodolaiti, ile mashine ya kusomea pembe, hadi B, nikachungulia: hakuna kitu. Lilikuwa shati, na mwenyewe alikuwa ameshalianua. Vijana waliokuwa wakivua walicheka mpaka nami nikacheka. Lenga shina la mti, au mpe mwenye mtumbwi fimbo akaisimamishe ng'ambo. Mlipe ukishamaliza B, si kabla.

Wageni pia hupenda AB fupi, kwa uvivu au kwa kuogopa tope. Tuseme mto una mita 80. Ukiweka AB ya mita 10, pembe ya B inakaribia digrii 83, na huko juu tanjenti inapaa vibaya: ukizidisha digrii moja tu, 80 inakuwa 93. Weka AB ya mita 80, pembe iwe 45, na kosa lilelile litakupoteza mita 3 hivi. Ni kweli mashine nzuri haikosei digrii nzima, lakini kosa dogo nalo hukuzwa vivyo hivyo. Mimi pembe ikitoka nje ya 30 na 60, nahamisha kigingi.

Utepe uwe mlalo. Mita 50 zilizopimwa kwenye mteremko wa digrii 10 ni mita 49.24 tu kwenye ramani. Na mashine ikikosekana pale A, kamba iliyofungwa pembetatu yenye pande za mita 9, 12 na 15 itakupa pembe mraba.

Halafu kalkuleta. Siku moja nilikuwa na AB ya mita 50 na pembe ya digrii 52, mto ukatoka na upana wa hasi 303! Kalkuleta ilikuwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya digrii. Jibu lilikuwa 64. Naishukuru sana ile hasi. Ingekuwa AB ni 80 na pembe ni 45, radiani zingenipa 129.6, namba yenye sura ya mto kabisa, nami ningeiandika bila wasiwasi. Siku hizi kabla ya hesabu yoyote nabonyeza tanjenti ya 45. Isipokuja 1, kwanza natengeneza kalkuleta.

Ile 64 nayo si upana wa maji. Ni kutoka kigingi hadi shina, kwa hiyo toa hatua za kutoka A hadi majini, na za ng'ambo pia, ambazo mwenye mtumbwi anaweza kukupimia akiwa hukohuko. Andika na tarehe kando ya namba, maana Nzoia ya Februari na Nzoia ya Mei si mto mmoja.